Faili Lenye Kirusi Ndani ya Historia ya Mradi: Kulifuta, Kuandika Upya au Kuliziba

Mfumo wa udhibiti wa matoleo, kama vile Git, Subversion au Mercurial, hutunza kila badiliko lililowahi kufanywa kwenye mafaili ya mradi: nani alibadili, lini, na faili lilikuwaje kabla ya hapo. Mafaili pamoja na historia yake hukaa katika hazina, na kila badiliko linalopokelewa humo huitwa komiti. Mfumo huu umeundwa ili usisahau. Faili lililoambukizwa kirusi likishaingia, kulitoa ni kazi tofauti kabisa na kulifuta kwenye folda ya kawaida, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Wapo wanaolifuta, wakaona limetoweka, wakaamini shauri limekwisha. Mwenzao akirudi kwenye toleo la mwezi uliopita kutafuta hitilafu, antivirusi inapiga kelele upya. Wapo pia wanaoielekeza antivirusi kwenye folda ya hazina yenyewe ndani ya seva, na kesho yake hazina haifunguki. Wasimamizi wa hazina nao wana ubishi wao usiokwisha: je, historia iandikwe upya mpaka kirusi kisiwepo popote, au kiachwe kilipo na kazi iendelee?

## Njia za kuingilia

Kirusi cha kawaida hakijui chochote kuhusu Git. Kinachokutana nacho ni folda ya kazi, yaani mafaili yaliyotolewa hazinani ili mtu ayahariri, nayo kwa kirusi hayana tofauti na mafaili mengine ya kompyuta. Ramnit, kilichoanza kuonekana mwaka 2010, kinaonyesha jambo hili vizuri. Mbali na kuambukiza mafaili ya .exe na .dll ya Windows, kirusi hicho hupachika skripti ya VBScript mwishoni mwa mafaili ya .html kinayoyakuta. Mtengeneza tovuti mwenye kompyuta iliyoambukizwa huhariri ukurasa mmoja, kisha hutuma mabadiliko yote kwa amri moja bila kupitia orodha. Anayekagua komiti hiyo baadaye huona kitu cha ajabu: mistari michache iliyobadilishwa kwa makusudi katika ukurasa mmoja, na kurasa nyingine chungu nzima zilizoota mkia uleule. Mkia huo huanza baada ya alama inayofunga ukurasa, hutaja jina la faili litakaloandikwa kwenye diski, svchost.exe, kisha hufuata mstari mrefu mno wa tarakimu na herufi unaoanza na 4D5A. Tarakimu hizo, kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, ndizo herufi M na Z zinazofungua kila programu ya Windows. Programu nzima imelazwa ndani ya ukurasa wa wavuti ikiwa katika sura ya maandishi, na mfumo wa matoleo umeipokea kama maandishi.

Hali ni ngumu zaidi pale kirusi kinapolenga zana za kazi zenyewe. Induc, kilichogunduliwa Agosti 2009, kilikuwa kikiambukiza maktaba moja ya Delphi, zana ya kutengenezea programu, iitwayo SysConst. Msimbo wa mradi uliomo hazinani ulibaki safi kabisa, lakini kila programu iliyojengwa kwenye kompyuta hiyo ilitoka na kirusi. Mradi uliokuwa na desturi ya kuweka hazinani mafaili ya .exe yaliyokwisha kujengwa ulipokea maambukizi mapya kila toleo, hata kama yale ya zamani yalikuwa yameondolewa yote.

Mwaka 2020 maabara ya usalama ya tovuti ya GitHub ilieleza kisa cha Octopus Scanner, programu hasidi iliyowinda miradi ya Java iliyotengenezwa kwa NetBeans. Iliweka faili la cache.dat ndani ya folda ya nbproject, ikabadili build-impl.xml ili faili hilo liendeshwe kila mradi unapojengwa, na ikaambukiza pia mafaili ya .jar. Miradi 26 ilipatikana ikiwa imeambukizwa, na wenye miradi hawakuwa na habari. GitHub haikuweza kuifunga tu kama inavyofunga hazina za wahalifu, kwa kuwa hii ilikuwa miradi halali ya watu wasio na hatia, na kila aliyeinakili na kuijenga alikuwa tayari ameupokea ugonjwa.

Kundi la mwisho ni la mafaili yaliyowekwa kwa makusudi. Tarehe 28 Machi 2021 komiti mbili zenye mlango wa siri ziliingizwa katika hazina ya lugha ya PHP kwa majina ya watengenezaji wake Rasmus Lerdorf na Nikita Popov, zikijifanya zinarekebisha makosa ya tahajia. Miaka mitatu baadaye iligundulika kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya zana za kubana data za XZ Utils yalikuwa na mlango wa siri ambao sehemu yake kubwa ilifichwa ndani ya mafaili mawili ya majaribio, moja likijiita faili bovu na jingine faili zima. Visa hivi viwili vitarejewa, maana namna vilivyosafishwa inajibu sehemu ya ubishi.

Pamoja na hayo yapo mafaili yanayozusha zogo la antivirusi bila ubaya wowote. Faili la majaribio la EICAR lina baiti 68 tu, halidhuru kitu, na antivirusi karibu zote hulitambua kwa makusudi ili watu wapime kama ulinzi unafanya kazi. Programu zinazopokea viambatisho kutoka kwa watumiaji mara nyingi huwa nalo kwenye majaribio yake. Kuna pia programu halali zilizobanwa au kusainiwa vibaya ambazo antivirusi hudhani ni virusi. Kabla ya kugusa historia, swali la kwanza ni kama kirusi kipo kweli.

## Kwa nini kilichofutwa kingalipo

Katika CVS, mfumo ulioanza mwaka 1986, kila faili la mradi lina faili lake kwenye seva lenye jina linaloishia na mkato na v. Ndani yake toleo la mwisho limeandikwa zima, na matoleo ya nyuma yameandikwa kama tofauti za kurudi nyuma. Faili likiondolewa kwa amri ya kawaida, hilo la seva huhamishiwa kwenye folda iitwayo Attic. Halijafa, limewekwa darini.

Subversion, iliyotoa toleo la 1.0 mwezi Februari 2004, hutunza kila marekebisho kama kitu kimoja chenye namba. Marekebisho namba 320 yakifuta faili, yale ya 319 kurudi nyuma yanabaki nalo kama lilivyokuwa. Zaidi ya hayo, kilichoandikwa kwenye diski mara nyingi ni tofauti tu kati ya toleo hili na lile, tena ikiwa imebanwa, hivyo marekebisho ya mbele huegemea yale ya nyuma ili yasomeke.

Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwezi Aprili 2005, imefunga mambo kwa nguvu zaidi. Maudhui ya kila faili hupewa heshi, yaani alama ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na maudhui yenyewe. Orodha ya folda hutaja heshi za mafaili yake, komiti hutaja heshi ya orodha, na kila komiti hutaja heshi ya komiti iliyoitangulia. Ukibadili baiti moja katika faili la miaka mitatu iliyopita, heshi yake hubadilika, kisha ya folda, kisha ya komiti, na baada ya hapo heshi za komiti zote zilizofuata mpaka leo. Mnyororo huu ndio unaofanya mtu asiweze kuchezea historia kimyakimya, na ndio huohuo unaofanya kuondoa faili moja kuwe na gharama ya kubadili kila kitu kilichokuja baadaye. Haiwezekani kupata faida ya kwanza bila kulipa bei ya pili.

Kisha kuna suala la nakala. Katika CVS na Subversion historia iko kwenye seva moja, na watumiaji wana folda za kazi tu. Katika Git kila mwenye nakala ana historia nzima. Hazina ya watu kumi ina historia kumi, bila kuhesabu seva ya kujengea programu, nakala rudufu, na nakala ambazo watu wa nje wamejitengenezea. Kwa miradi ya wazi kuna pia Software Heritage, hifadhi iliyoanzishwa na taasisi ya Inria ya Ufaransa, ambayo kazi yake ni kukusanya misimbo ya dunia ili isipotee.

## Antivirusi ndani ya hazina

Wazo la kuiachia antivirusi isafishe hazina linaonekana la kawaida kwa mtu aliyezoea kusafisha diski ya kumbukumbu. Kwa hazina, ni wazo baya karibu katika kila hali.

Tatizo la kwanza ni kwamba haioni. Git hubana maudhui kwa zlib na baadaye huyakusanya katika mafaili makubwa ya pakiti yenye tofauti juu ya tofauti. Subversion nayo hufanya yanayofanana na hayo. Saini ya kirusi inayotafutwa haipo tena kwa umbo lake. Seva inaweza kukaguliwa kila usiku na kupewa hati safi huku kirusi kikiwa ndani.

Tatizo la pili hutokea inapoona. Katika CVS, kwa kuwa toleo la mwisho limeandikwa zima, antivirusi inaweza kulitambua, na ikilipeleka faili hilo karantini inaondoka na historia yote ya faili husika, pamoja na matoleo yaliyokuwa safi. Katika Subversion, faili moja la marekebisho likiondolewa, kila marekebisho yanayoliegemea hushindwa kusomeka. Kirusi cha ukurasa mmoja wa .html kinakuwa kimeangusha mradi mzima, na aliyeangusha ni mlinzi.

Hata kwenye kompyuta ya mtumiaji kuna mitego. Subversion huweka nakala safi ya kila faili ndani ya folda iliyofichwa ya .svn, bila kuibana. Antivirusi ikiinyakua, folda ya kazi huvunjika na kila jaribio la kusasisha hutoa kosa. Katika Git mambo hujificha zaidi: mtu anapochukua matoleo ya karibuni, antivirusi hulinyakua faili dakika ileile, Git huliona kama faili alilolifuta mwenyewe, na asipoangalia, komiti yake inayofuata inatangaza ufutaji ambao hakuukusudia. Wakati mwingine ndiyo njia ambayo faili huondoka kwenye mradi bila yeyote kujua liliondoka lini na kwa nini.

Hazina za seva kwa hiyo huwekwa kando ya ukaguzi wa moja kwa moja, na ukaguzi hufanywa mlangoni, pale mabadiliko yanapoingia. Git tangu toleo la 2.11 huweka vitu vipya vinavyotumwa katika folda ya muda, nayo huiita karantini, mpaka skripti ya seva ivikubali. Vikikataliwa hufutwa bila kugusa hazina. Subversion ina ndoano yake inayofanya kazi kabla ya komiti kukubaliwa, ambapo antivirusi ya ClamAV inaweza kuitwa kukagua kila faili. Gharama yake ni ucheleweshaji kidogo na malalamiko ya mara kwa mara pale faili halali linapokataliwa.

## Msimamo wa kwanza: futa, songa mbele

Msimamo huu unasema faili liondolewe kwa komiti ya kawaida, au lirejeshwe kwenye toleo lake safi la mwisho, na maelezo ya komiti yaseme wazi nini kilitokea. Historia inabaki kama ilivyo. Mhasibu akikosea kwenye leja hachani ukurasa. Huandika ingizo la kurekebisha, na kosa na marekebisho yake vyote husomeka.

Hivyo ndivyo PHP ilivyofanya. Komiti mbili za Machi 2021 zilitenguliwa kwa komiti nyingine, na bado zinaweza kusomwa katika historia. Nguvu ilielekezwa kwingine: seva ya git.php.net iliachwa, na mradi ukahamia GitHub moja kwa moja. Kwa XZ, GitHub iliifunga hazina mara baada ya mhandisi Andres Freund kutangaza ugunduzi wake tarehe 29 Machi 2024, kisha ilifunguliwa, na Lasse Collin, msimamizi wa awali wa mradi, akaondoa mlango wa siri kwa komiti ya kawaida. Watafiti kote duniani waliendelea kuzisoma komiti za mshambuliaji moja baada ya nyingine. Kama historia ingeandikwa upya siku ileile, swali la nini kingine mtu huyo aligusa lingekuwa gumu mara nyingi zaidi kulijibu.

Udhaifu wake unajulikana. Kila atakayenakili hazina atapakua kirusi, ingawa kikiwa kimebanwa ndani ya pakiti hakiwezi kujiendesha. Atakayerudi kwenye toleo la zamani atakitoa nje. Kutafuta hitilafu kwa njia ya kugawa historia nusu kwa nusu kunaweza kukwama kila antivirusi inaponyakua faili katikati ya kazi. Na lebo za matoleo ya zamani zinaendelea kuelekeza kwenye msimbo mchafu. Mtu wa nje akijenga toleo la 2.3 hajui kwamba lilikuwa na ugonjwa.

## Msimamo wa pili: andika historia upya

Wanaoshika msimamo huu husema hazina ni mahali pa kuchota, na mahali pa kuchota hapapaswi kuwa na sumu. Katika Git zana inayopendekezwa siku hizi ni git filter-repo, iliyochukua nafasi ya filter-branch ya zamani iliyokuwa na kasi ndogo na mitego mingi. BFG Repo-Cleaner nayo bado inatumika kwa kazi nyepesi. Filter-repo inaweza kuondoa kwa njia ya faili, au kwa heshi ya maudhui, na tofauti ya mbinu hizi mbili ina uzito. Ukurasa wa index.html ulioambukizwa na Ramnit ulikuwa safi kwa miaka kabla ya kuambukizwa, na safi tena baadaye. Kuuondoa kwa jina ni kufuta kazi halali ya miaka. Kuondoa heshi za maudhui machafu peke yake, au bora zaidi kuyabadilisha kwa maudhui yaliyokatwa mkia wa kirusi, kunaacha historia inayoeleweka.

Subversion haina ulaini huo. Msimamizi humwaga hazina yote kwa svnadmin dump, huichuja kwa svndumpfilter, kisha huipakia katika hazina mpya. Kichujio hicho hufanya kazi kwa njia za mafaili na folda tu. Hakijui kuacha marekebisho ya 1 hadi 300 na kuondoa yale ya 301 hadi 319 ya faili lilelile. Tena faili lililochujwa likiwa limewahi kunakiliwa kwenda folda nyingine isiyochujwa, kazi hukatika katikati kwa sababu chanzo cha nakala hakipo. Ombi la kuongeza amri ya kufuta kabisa limekaa katika orodha ya mradi kwa namba 516 kwa miaka mingi bila kutimizwa. Wanaolaumu wasanifu wa Subversion kwa hilo husahau kwamba hifadhi inayoegemeza marekebisho juu ya mengine haiachii kipande kimoja kitoke bila kujenga upya vilivyosimama juu yake.

Gharama kubwa ya kuandika upya huja baada ya zana kumaliza. Heshi zote za Git kuanzia mahali pa uchafu hubadilika. Saini za kidijitali za komiti na lebo hazithibitishi tena chochote. Kila ripoti ya hitilafu iliyotaja komiti kwa heshi inaelekeza pasipo na kitu. Kila mshiriki lazima aache nakala yake ya zamani na kuchukua mpya, na mmoja tu akisahau, akaunganisha tawi lake la zamani, yaani mstari wake wa kazi, na jipya kisha akalituma, historia chafu inarudi yote, safari hii ikiwa sambamba na iliyosafishwa. Wasimamizi waliowahi kukutwa na hali hiyo hufahamu kwamba kuandika upya mara ya pili ni kugumu kuliko mara ya kwanza.

Hata baada ya kazi kufanywa vizuri, Git haitupi vitu papo hapo. Kwenye kompyuta ya mtu, kumbukumbu ya mienendo ya matawi hushikilia komiti zisizofikika tena kwa siku 30, na zile zinazofikika kwa siku 90. Vitu vilivyobaki bila mshikaji husubiri wiki mbili nyingine kabla ya kufagiliwa. Kwenye GitHub, komiti ya zamani inaweza kuendelea kufunguka kwa anayejua heshi yake, maombi ya kuunganisha yanashikilia marejeo ambayo mwenye hazina hawezi kuyafuta, na nakala za watu wengine haziguswi. Lazima kuwasiliana na huduma ya wateja. GitLab ina sehemu inayopokea ramani ya heshi za zamani na mpya ambayo filter-repo huitengeneza, na kwa msaada wake husafisha marejeo yake ya ndani.

## Msimamo wa tatu: ziba faili, acha mnyororo

Kati ya misimamo hiyo miwili kuna mifumo iliyojengewa njia ya kuondoa maudhui bila kuvunja historia. Mercurial ina kiendelezi cha censor, kinachobadilisha maudhui ya faili moja katika marekebisho fulani kwa alama tupu huku heshi za komiti zikibaki zilezile. Fossil, mfumo wa D. Richard Hipp aliyeandika SQLite, hutunza orodha ya heshi zilizopigwa marufuku: hazina haipokei, haitoi, wala haihifadhi kitu chenye heshi iliyo kwenye orodha. Perforce ina amri ya obliterate inayofuta maudhui na kumbukumbu zake kwenye seva kuu, nayo kwanza huonyesha tu kitakachofutwa; haitekelezi mpaka iongezewe kibali.

Kwa suala la virusi, wazo la Fossil ndilo lenye akili kuliko yote. Heshi iliyopigwa marufuku haiwezi kurudishwa na mtu mwenye nakala ya zamani, na hilo ndilo pengo kubwa la kuandika upya katika Git. Udhaifu wake ni kwamba marufuku haisambai yenyewe kwenda hazina nyingine. Kila msimamizi huamua kwake. Lakini hata hilo lina sababu: marufuku inayosambaa yenyewe ingekuwa silaha ya kufutia kazi za watu.

Git haina kitu kamili cha namna hii. Kinachokaribia ni skripti ya seva inayokataa heshi fulani kila zinapotumwa, na kwa Subversion ni kanuni za ruhusa zinazozuia watu wa kawaida kusoma njia fulani. Zote mbili ni rahisi kuweka, na zote mbili hupuuzwa mno.

Ipo pia njia ya kufunga hazina yote na kuanza mpya kwa msimbo wa leo. Inafaa kwa mradi mdogo wenye historia isiyo na thamani. Kwa mradi wa miaka, ni kuchoma nyumba ili kuua panya.

## Kupima uzito

Hoja za pande zote hukosa nguvu zinapojadiliwa bila kutaja kirusi chenyewe kinaamka vipi. Faili la .exe lililoambukizwa na Ramnit likiwa ndani ya pakiti ya Git haliambukizi mtu. Linahitaji kutolewa na kuendeshwa. Faili la ujenzi kama lile la Octopus Scanner ni jambo jingine, kwa kuwa kurudi kwenye toleo la zamani na kulijenga, kazi ya kawaida kabisa ya mtengeneza programu, ndiko kunakoliamsha. Kadiri kitendo cha kawaida kinavyotosha kuamsha kirusi, ndivyo hoja ya kukitoa katika historia inavyopata nguvu.

Jambo la pili ni nani ana nakala. Hazina ya ndani yenye watu watano wanaokaa ofisi moja inaweza kuandikwa upya mchana mmoja na kila mmoja akaondoka na nakala mpya. Hazina ya wazi iliyokwisha kunakiliwa na watu wasiojulikana haiwezi. Kuiandika upya huwaumiza washiriki waaminifu, huku nakala chafu zikibaki nje ya uwezo wa mtu yeyote. Katika hali hiyo kinachofaa ni kutangaza: lebo za matoleo machafu zitajwe kwa jina, vifurushi vilivyotolewa viondolewe, na lugha zenye utaratibu wa kutengua matoleo, kama Go kupitia agizo la retract, zitumie utaratibu huo.

Jambo la tatu ni ushahidi. Pale uchafu ulipoingia kwa bahati mbaya, thamani ya komiti chafu ni ndogo, na hakuna atakayeijutia. Pale mtu alipouingiza kwa makusudi, historia ndiyo ramani ya alikopita, na kuifuta kabla ya uchunguzi kwisha ni kumsaidia. Mwaka 2003 mtu alijaribu kuingiza mlango wa siri katika msimbo wa Linux kupitia hazina pacha ya CVS, kwa kuandika alama moja ya usawa mahali palipotakiwa mbili. Jaribio lilinaswa kwa sababu historia ya CVS haikulingana na ile ya hazina kuu iliyokuwa katika mfumo wa BitKeeper. Kuwapo kwa historia mbili za kulinganishwa ndiko kulikolifichua.

Kwa mizani hiyo, kufuta kwa komiti ya kawaida pamoja na kuziba heshi mlangoni kunatosha kwa kesi nyingi. Kuandika upya kunastahili pale mambo matatu yanapokutana: kirusi kinaamka kwa kazi ya kawaida, au antivirusi inazuia watu kutumia historia; wenye nakala wote wanafahamika; na hakuna uchunguzi unaoendelea. Likikosekana moja kati ya hayo, wanaodai historia safi wanalipa bei kubwa kwa usafi wa kuonekana tu.

## Utaratibu wa kazi

Njia yoyote itakayochaguliwa, kompyuta iliyoleta kirusi husafishwa kwanza, vinginevyo komiti inayofuata inarudisha kila kitu. Seva ya kujengea programu huhesabiwa miongoni mwa kompyuta hizo. Kisa cha Induc kilifundisha hivyo. Kisha mfumo unafungwa usipokee mabadiliko, na nakala nzima ya hazina kama ilivyo inawekwa kando, imefungwa kwa nenosiri ili antivirusi isiiguse.

Kutafuta ukubwa wa uchafu kunahitaji kutoa maudhui yaliyobanwa na kuyakagua yakiwa wazi. Katika Git amri ya cat-file inaweza kuorodhesha vitu vyote vya hazina, hata visivyofikiwa na tawi lolote, na kila kimoja kikatolewa na kupitishwa ClamAV. Katika Subversion svnlook hufanya kazi hiyo marekebisho kwa marekebisho. Ni kazi ya saa nyingi kwa mradi mkubwa, lakini ndiyo inayotoa orodha ya heshi au namba ambazo maamuzi yote yatategemea, na ukaguzi uleule hurudiwa mwishoni kuthibitisha kwamba orodha imebaki tupu au imezibwa. Subversion iliyopakiwa upya hupitishwa pia svnadmin verify.

Historia ikiandikwa upya, ramani ya heshi za zamani na mpya huwekwa mahali pa wazi, ili ripoti za zamani ziendelee kusomeka. Nakala rudufu za seva zilizotengenezwa kabla ya usafishaji hubaki na kirusi, na hapo ndipo kazi nyingi nzuri huharibika miezi baadaye: diski ya seva inakufa, fundi wa zamu anarejesha nakala ya zamani, na matawi yote yanarudi na uchafu wake. Nakala hizo huandikwa lebo yenye tarehe ya usafishaji na orodha ya heshi zilizozibwa, na skripti inayokataa heshi hizo huwekwa katika mipangilio ya seva yenyewe, nje ya hazina, ili irudi pamoja na seva na isitegemee kumbukumbu ya mtu.